Kipakiti Kimekataliwa, Kimetoboka au Kimepotea: Utatuzi wa Matatizo ya Kutuma Vitu Vyepesi kwa Njia ya Barua

Mshona kofia wa Mji wa Kale, Mombasa, akipata mteja Leicester au Toronto, swali la kwanza analoulizwa ni nauli ya kutuma. Kofia yenyewe haifiki gramu mia. Akiipeleka kwa kampuni ya usafirishaji wa haraka, huenda akatajiwa bei inayoizidi kofia, na mteja akaaga kwa adabu. Anayetengeneza vipuli vya shanga Nyali hukutana na hayo hayo, na muuza leso wa Biashara Street pia.

Njia ya barua ipo, ni halali, na inafika karibu kila nchi, kwa sababu Umoja wa Posta Duniani, UPU, umekuwa ukiunganisha posta za mataifa tangu 1874. Wengi walioijaribu wakaiacha waliangushwa na jambo ambalo lingetengenezwa mezani kwao, kabla ya kufika Posta Kuu ya Digo Road. Hapa nimepanga matatizo kwa jinsi yanavyojitokeza. Tafuta lako.

Karani anasema: "Hii si barua"

Mara nyingi kinachomkataza ni kilichomo ndani. Ukubwa hauna neno. Tangu 1 Januari 2018, UPU imetenganisha hati na bidhaa katika barua za kimataifa. Hati ni maandishi, kadi, picha, cheti. Kitu kingine chochote cha kuuzwa au kutumiwa ni bidhaa, hata kikiwa jozi ya vipuli yenye gramu kumi. Bidhaa bado inaruhusiwa kusafiri pamoja na barua, ila inaitwa kipakiti kidogo, na sharti iwe na msimbo pau na fomu ya forodha. Kwa hiyo kutia vipuli ndani ya bahasha ya kawaida, kubandika stempu na kutumbukiza sandukuni usiku si ujanja. Bahasha hiyo inasafiri bila karatasi zake, na forodha ya huko ina haki ya kuirudisha au kuiharibu.

Kikomo cha kipakiti kidogo ni kilo 2. Ukijumlisha urefu, upana na kimo, jumla isizidi sentimita 90, na upande mrefu usizidi 60. Kitu kilichoviringishwa, mfano mchoro au ramani, hupimwa urefu ukiongeza kipenyo mara mbili: jumla isizidi 104, na urefu peke yake usizidi 90. Kuna pia kikomo cha udogo, na hiki ndicho kinachowanasa watu wa vito vya shanga. Uso wa mzigo usipungue sentimita 9 kwa 14, maana hapo ndipo anwani, msimbo na fomu vinapokaa. Kijiboksi cha pete kitie ndani ya bahasha kubwa yenye kadibodi, usikipeleke peke yake.

Sababu nyingine ni neno unalolitamka kaunta. Ukisema "nataka kutuma kifurushi", utapewa bei ya kifurushi, na karani hana kosa. Mazungumzo yake huenda hivi:

"Shikamoo mama. Nataka kutuma kifurushi Uingereza."

"Marahaba mwanangu. Kina uzito gani?"

"Gramu mia mbili na thelathini."

"Sasa wataka kifurushi cha nini? Hicho ni kipakiti."

Si kila kaunta utamkuta mama wa namna hii. Sema mwenyewe tangu mwanzo: kipakiti kidogo, kwa ndege, chenye rejista, yaani chenye namba ya kufuatilia na sahihi ya mpokeaji.

Bei imekuwa kubwa kuliko ulivyotarajia

Ada za barua hupanda kwa ngazi, hazipandi gramu kwa gramu. Ngazi ikiwa 250, gramu 251 hulipiwa sawa na kilicho katika ngazi ya juu yake. Uliza karani ngazi zake ni zipi, ziandike, zibandike ukutani unapofungia mizigo. Kisha nunua mzani wa jikoni wa dijitali unaosoma gramu moja moja. Utarudisha pesa zake upesi.

Pima mzigo ukiwa umekwisha fungwa. Vitu vyepesi huharibiwa na ufungashaji mzito: boksi, karatasi za kujazia na selotepu iliyozungushwa mara tano vinaweza kuwa na uzito kuliko kofia. Doti ya leso ya pamba nyepesi ina gramu mia nne hivi, kutegemea kitambaa. Ndani ya bahasha ya khaki inakaa chini ya nusu kilo, na ukiitia ndani ya boksi imevuka.

Ukilinganisha na kampuni za haraka, kumbuka kwamba wao hutoza kwa ujazo. Kanuni inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5,000, upate kilo. Boksi la 30 kwa 25 kwa 15 huhesabiwa kuwa kilo 2.25 hata likiwa na kofia tatu tu ndani. Posta, kwa kipakiti kidogo, huuliza mzani, na maadamu hujavuka vipimo, hewa iliyomo hailipiwi. Ndiyo maana vitu vyenye nafasi kubwa na uzito mdogo, kama kofia na vikapu vidogo vya ukili, vinanufaika na njia hii kuliko vitu vizito vilivyoshikana.

Huwa naulizwa pia mbona vitu vya Uchina vilikuwa vikitumwa kwa bei ya kutupa. Posta moja hulipa nyingine kwa kazi ya kufikisha barua zake, na kwa miaka mingi viwango hivyo vilikuwa vya chini kwa nchi zilizohesabiwa kuwa zinaendelea, Uchina ikiwa mojawapo. Marekani ikatishia kujitoa, na mkutano mkuu wa dharura wa UPU uliofanyika Geneva Septemba 2019 ukaruhusu viwango kupandishwa. Usipange bei zako kwa kuangalia zama zile.

Kimefika kimetoboka, au bahasha imefika tupu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndilo tatizo linalovunja moyo wa mteja na wa fundi kwa pamoja, na dawa yake ni rahisi.

Bahasha ikiondoka mkononi mwako huingia guniani, gunia likalaliwa na magunia mengine. Huko iendako yaweza kupitishwa katikati ya mikanda na magurudumu ya mashine ya kuchambulia barua, ambayo imeundwa kwa karatasi zinazokunjika. Kitu kigumu kidogo ndani ya bahasha laini husukumwa kuelekea kona, kikatoboa, kikatoka. Bahasha inaendelea na safari, na mteja anapokea tundu.

Kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha kitu hakisogei na bahasha yote ina unene mmoja. Kwa vipuli vya shanga, kata vipande viwili vya kadibodi, sentimita 12 kwa 17. Katika cha kwanza toboa vitundu viwili, pitisha kulabu, zishike kwa selotepu upande wa nyuma. Kata vibanzi vya kadibodi uvigandishe kandokando kama fremu, kimo chake kipite kidogo shanga iliyo nene kuliko zote. Funika na kipande cha pili, funga pande zote nne, kisha tikisa karibu na sikio. Ukisikia chochote kinacheza, fungua uanze upya. Vibanzi vile vya pembeni ndivyo vinavyobeba uzito wa gunia, na shanga zinabaki na nafasi yao.

Kofia ya vito, yaani iliyotariziwa kwa mkono, hukunjwa bapa: duara la juu linaingizwa ndani, ukuta unalazwa. Usiikunje ikiwa imetoka kupigwa pasi na wanga wake bado una joto, maana mkunjo utakaa pale daima. Iache ipoe. Tia karatasi laini nyeupe katikati ya mikunjo, na kadibodi moja mgongoni ili bahasha isipinde. Mwandikie mteja maneno mawili ya jinsi ya kuirudisha umbo: kuinyunyizia maji kidogo na kuivika juu ya bakuli mpaka ikauke. Watu huthamini sana karatasi hiyo ndogo.

Tengeneza pia kipimo cha unene. Kata mwanya wa milimita 25 katika kadibodi ngumu, upitishe kila bahasha bila kuisukuma. Uingereza nyumba nyingi zina tundu la barua mlangoni, na kinachopita mwanya huo kwa kawaida humfikia mteja ndani ya nyumba, asipate usumbufu wa kukifuata posta. Ila kikiwa na rejista kitahitaji sahihi yake, na hapo wembamba hausaidii.

Halafu kuna unyevu wetu wa Pwani. Bahasha za gamu zilizokaa dukani tangu masika hujibandika zenyewe, au gamu yake imekufa, na selotepu ya bei rahisi hubanduka kwenye joto la gunia. Jaribu bahasha moja ya kila pakiti: ibandike, iache usiku kucha, asubuhi ibandue. Ikitoka nzima bila kuchana karatasi, ongezea gundi au rudisha pakiti. Kitambaa kisifungwe kikiwa na hata ubaridi wa maji. Kipakiti kinaweza kukaa wiki kadhaa njiani, na leso yenye unyevu itafika na madoa ya ukungu. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kawaida imepigwa marufuku nchini tangu 28 Agosti 2017, wengi hutumia karatasi ya kuokea kama ganda la ndani. Inakinga matone ya mvua, ingawa haiokoi mzigo uliozama.

Anwani iandike kwa biro, usitumie kalamu ya jeli inayokimbia kwa jasho la mkono. Pitisha selotepu juu ya anwani ukitaka, lakini isifunike stempu, kwa sababu sharti zipigwe muhuri, wala msimbo pau, kwa sababu mng'ao huzuia mashine kusoma.

Kimerudishwa, au kimeshikwa na forodha

Anza na fomu. Mzigo wenye thamani isiyozidi SDR 300 hutumia CN22, kibandiko kidogo kinachokaa usoni. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na karani atakugeuzia kwa shilingi. Ukizidi hapo ni CN23. Kosa linalorudisha mizigo mingi ni maelezo ya kivivu. "Zawadi" haielezi kitu, "nguo" haielezi kitu. Andika kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa ukamilifu: kofia ya kiume ya pamba, iliyotariziwa kwa mkono, mbili, gramu 160, thamani yake na sarafu yake. Ongeza namba ya ushuru ya tarakimu sita. Kofia za kitambaa ni 650500, vito vya shanga visivyo vya madini ya thamani ni 711790. Tia sahihi na tarehe.

Siku hizi maelezo hayo hutangulia mzigo kwa njia ya kompyuta. Umoja wa Ulaya na Marekani zote huyataka kabla mzigo haujafika. Karani akikuomba simu na barua pepe ya mteja wako, mpe bila kusita.

Angalia kilichomo. Marashi yenye spiriti hayapandi ndege kwa njia ya posta. Betri za lithiamu zilizo peke yake, na benki za umeme za simu, hapana. Magamba ya kasa na pembe za ndovu ni kosa la jinai, wala tusizungushe maneno. Makombe na matumbawe yanayouzwa ufukweni usiyatume bila kibali cha KWS. Viungo, mbegu na majani makavu huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, na nchi nyingine huvikataa hata hivyo. Pete za fedha na dhahabu hazitakiwi katika kipakiti cha kawaida chini ya sheria za UPU, uliza huduma ya bima.

Mteja analalamika ametozwa ushuru

Mwambie kabla hajalipa, si baada ya mzigo kufika. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa vitu vya chini ya yuro 22 tarehe 1 Julai 2021. Uingereza ilibadilisha kanuni zake tarehe 1 Januari 2021. Marekani iliondoa msamaha wa dola 800 tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikasitisha kwa muda kupokea bidhaa za kwenda huko. Kabla ya kumwahidi mteja wa Marekani, pita kaunta uulize hali ya siku hiyo.

Wateja wengine watakuomba uandike "zawadi". Usikubali. Zawadi ni kitu ambacho mtu binafsi amempa mwenziwe bila malipo, na wewe umelipwa. Ikigundulika, mzigo unashikwa, na jina lako ndilo lililo kwenye fomu.

Wa ndani ya Kenya hakijamfikia

Posta yetu kwa kawaida haigongi mlango, inapeleka sandukuni. Anwani yenye jina la mtaa na rangi ya geti haitafika. Andika jina, S.L.P. na msimbo wa posta: 80100 kwa Mombasa mjini, 80108 Kilifi, 80200 Malindi, 80400 Ukunda, 80500 Lamu. Mteja asiye na sanduku anaweza kujisajili mPost, huduma iliyoanza 2016 inayofanya namba ya simu iwe anwani. Na kama yuko mji ambao basi linafika leo leo, mpelekee kwa basi. Faida ya kipakiti ni masafa marefu.

Ufuatiliaji umesimama, au namba haipatikani

Namba ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha KE. Ikianza na R ni rejista, E ni EMS, huduma ya haraka ya posta, C ni kifurushi. Ikianza na U, huo ni msimbo wa forodha tu, na usitegemee kuona safari nzima. Wengi hukasirikia mzigo uliopotea kumbe walilipia namba isiyofuatiliwa.

Ukiambiwa namba haipo, ichunguze kama ilinakiliwa sawa. Tarakimu ya tisa hutokana na nane za mwanzo. Zizidishe kwa mpangilio huu: 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Jumlisha, gawa kwa 11, chukua baki, ulitoe katika 11. Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5. Mfano, 10482635: 8 + 0 + 16 + 16 + 6 + 30 + 27 + 35 ni 138. Ukigawa kwa 11 hubaki 6, na 11 ukitoa 6 ni 5. Namba kamili ni RR104826355KE. Hesabu isipokubali, rudi kwenye risiti: 1 imesomwa 7, au 3 imesomwa 8.

Namba ikiwa sahihi na ufuatiliaji ukasimama baada ya mzigo kuondoka nchini, huo ndio mwendo wa kawaida. Hakuna anayeusoma msimbo mpaka gunia lifunguliwe upande wa pili. Ifuatilie kwenye tovuti ya posta ya nchi inayopokea, maana mara nyingi habari huonekana huko mapema kuliko kwetu.

Kimepotea kweli

Nenda posta na risiti, nakala ya fomu ya forodha na picha ya mzigo ulivyokuwa umefungwa, uombe fomu ya ulizo CN08. Muda wa kuuliza ni miezi sita kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma, na ukipita, mlango umefungwa. Kipakiti cha kawaida hakilipwi kikipotea. Cha rejista hulipwa kwa kiwango cha UPU ambacho kikomo chake ni SDR 30, kwa hiyo kitu kinachozidi hapo kitume kwa bima au kwa EMS.

Ulizo huchukua muda kujibiwa, na mteja hana sababu ya kusubiri nawe. Mwandikie siku hiyo hiyo, mtumie picha ya CN08 yenye muhuri, umpe achague kati ya kofia nyingine na pesa zake. Kama ni pesa, zirudishe. Kama ni kofia, safari hii weka rejista hata asipoiomba, na gharama yake iingize katika bei ya kofia zote tangu sasa.